Uso wa Sakafuni

Ondina Tavian alikuwa na tabia ya kugonga vitu. Akiingia baani kwangu, kabla hata hajanisalimu, hugonga kaunta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Dukani kwa mwokaji aligonga mikate. Siku tuliyomzika baba yake aligonga jeneza, taratibu, na padri akapotea katikati ya sala. Watu wakatazamana. Mimi nilijiuma mdomo nisicheke, kwa sababu nilijua huo si wazimu, ni kazi iliyomwingia mwilini.

Kazi yake ilikuwa kutunza sakafu za Warumi. Hapa kwetu Torrevana magofu yako ng'ambo ya barabara, mkabala na baa: nyumba ya tajiri fulani wa kale, kuta zake zimebaki za kufika magotini, lakini sakafu zipo, za mozaiki, vijiwe vya rangi vidogo kama punje za mahindi vilivyopangwa mpaka vikawa picha. Ondina alipiga magoti juu ya ubao, akagonga, akasikiliza, akasogea. Palipo pazima panajibu kwa sauti nzito. Palipoachana na udongo panalia kama kopo tupu, na hapo yeye alichukua bomba la sindano akapanywesha chokaa nyepesi mpaka vijiwe vishike tena.

"Kwa mwendo huo, Ondina," nilikuwa nikimwambia, "utamaliza siku Warumi wenyewe watakaporudi."

"Wakirudi watakuta pasafi," alijibu, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu marefu ya wiki.

Msinishangae. Mimi ni mtu wa kusini, nilikuja huku kwa kuolewa na Olivo, na kwetu mtu akifa tunalia mpaka mbwa wanahama mtaa. Watu wa huku ni wachoyo wa maneno. Wanakunywa kiglasi chao cha divai nyeupe, wanacheza karata, jirani akiunguliwa na ghala wanasema "basi, ndivyo", na wanagawa karata tena. Zamani nilidhani ni ustaarabu. Sasa nina neno jingine, nalo si la kuandikwa.

Ondina aliishi na baba yake, mzee Gaudenzio, katika nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mizabibu. Mama yake, Lidia, alikufa kwa kifua kabla mtoto hajajua kutembea. Hapa makaburi yana desturi yake: kila jiwe lina picha ya marehemu, ya mviringo, iliyochomwa kwenye kigae, ili anayekuja na maua ajue anamwambia nani habari. Kaburi la Lidia lina jina tu. Ilikuwepo picha moja, ndogo, na Gaudenzio kwa uchungu wake aliiweka jenezani, kifuani pa mkewe, pasipo kuwaza kwamba mtoto naye atakua na atauliza.

Basi mtoto akakua, akauliza, na wenzake wa shule wakampa jibu. Walimwambia, "Mama yako hana picha kule makaburini kwa sababu yuko kwenye sakafu."

Kwenye chumba kikubwa cha magofu kuna mwanamke wa mozaiki amebeba kikapu cha matunda. Kijiji kizima kilimwita Bibi wa Vuli, yaani wa msimu wa mavuno. Baada ya mavuno ya zabibu, mkulima mzee kuliko wote humwagia divai mpya pembeni pa miguu yake, na padri hujifanya haoni. Alipofukuliwa hakuwa na uso, jembe la plau lilikuwa limeuchukua. Baada ya vita, wakubwa wa serikali wakataka picha nzima ili wageni waje, na Gaudenzio, fundi wa mozaiki, ndiye aliyepewa pengo lile. Aliweka uso mzuri: paji pana, macho makubwa yanayotazama kando kidogo, midomo inayotaka kusema. Chini yake akamimina saruji na kulaza nondo, kama walivyofanya mafundi wote wa siku zile, wakiamini chuma hakifi.

Ondina alipomuuliza baba yake kama yule ni mama, baba alinyamaza. Kwa mtu wa huku, kunyamaza ni kutia sahihi.

Kwa hiyo Ondina alikuwa na mama wa sakafuni. Usimwonee huruma haraka, wengine hata huyo hawakuwa naye. Alijifunza kazi ya kutunza mozaiki ili awe karibu naye. Kila asubuhi alianza kwake, akampangusa vumbi kwa sifongo, paji, shavu, shavu la pili, halafu ndipo akaenda kwenye kazi nyingine. Niliwahi kumkuta akiongea naye. Niliondoka kwa ncha za vidole, mimi ambaye hata kanisani siwezi kunyamaza.

Kisha akaja Daktari Marzia Collavin, mwanaakiolojia, mwanamke mrefu mwenye buti za matope na adabu nyingi. Alifukua upande wa pili wa ukuta, akakuta sakafu inaendelea: miguu ya watu wengine wamepanga foleni, mmoja na jagi, mwingine na sinia la samaki. Siku moja ya ukungu akaja baani, akaagiza kahawa, na kwa heshima zote akawaambia wazee kwamba Bibi wa Vuli hakuwa mungu wa kike wala bibi wa msimu wowote. Alikuwa mtumishi anayepeleka matunda mezani, mmoja katika foleni.

Mzee Sisto, ambaye ndiye humwaga divai, aliweka karata chini. "Mtumishi?"

"Mtumwa, pengine, mzee wangu."

"Yaani miaka yote hii nimemmwagia divai mpishi?"

"Na wewe ulivyo mchoyo," Olivo akasema, "ungejua ungempa maji."

Tukacheka, hata Sisto. Ondina, aliyekuwa amesimama pembeni na kiglasi chake, hakucheka. Alisema kwamba kwake ni sawa, mama yake naye alikuwa mtumishi, alifua nguo za watu. Kicheko kikakatika pale pale. Wazee wakaokota karata zao kwa pamoja, na nakumbuka nilijiuliza mbona wamekuwa na haya kiasi kile.

Habari mbaya ilikuja mwezi wa Novemba. Chumvi ya maji ya chini ilikuwa imezifikia nondo za Gaudenzio. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinatafuta nafasi. Sakafu kuuzunguka uso ule ilianza kuinuka kama mkate unaoumuka, na vijiwe vya Warumi, vya shingo, vya bega, vya kikapu, vikaanza kuchomoka. Ondina alivirudisha. Baridi ikapita usiku mmoja, vikachomoka vingine.

Daktari Marzia alimwita wakasimama wote wawili juu ya ubao. Mimi nilikuwa nimepeleka kahawa, na sikuondoka, kwani nani angeondoka?

"Ondina, sikufichi," alisema. "Saruji ile ikibaki, miaka michache tu, huyu mwanamke tutampoteza kabisa. Inabidi itoke, na uso utoke nayo. Pengo tutaliziba kwa chokaa tupu."

Hiyo ndiyo sheria yao siku hizi, na Ondina mwenyewe ndiye aliyewahi kunifundisha: palipopotea paonekane pamepotea. Chokaa ya rangi iliyofifia, chini kidogo ya vijiwe, ili atakayekuja asidanganyike. Gaudenzio aliishi zama nyingine.

"Ni mama yangu," Ondina akasema.

"Najua. Wamenieleza." Marzia alivua glavu, akazivaa tena. "Siwezi kukulazimisha wewe. Na sitamleta mtu mwingine bila ridhaa yako. Lakini uamue kabla ya masika, kwa sababu barafu nyingine moja itachukua bega lote."

Ulikuwa msimu wa baridi mbaya sana kwake. Upepo wa Bora, ule mkali wa baridi, ulipiga kutoka Trieste siku baada ya siku. Akitoka kazini alipita baani, akasimama, akaondoka bila kunywa. Nyumbani hakuna aliyemngoja, baba alikuwa ameshakufa, na taa ya jikoni kwake nilikuwa naiona kutoka dirishani pangu ikiwaka peke yake pale shambani. Nilimpelekea supu ya maharage na shayiri. Alishukuru, akafunga mlango. Mikono yake ilikuwa inajua la kufanya tangu siku ya kwanza, mtu wa kazi hawezi kutazama vijiwe vya kale vikichomoka akatulia. Lakini mikono ile ile ndiyo ingemtoa mama yake sakafuni kwa patasi. Kila jioni aliokota vijiwe vilivyoruka, akavitia kwenye kisahani, akavitazama.

Mwisho wa Februari akaniomba nimpeleke kwa gari Palmanova, kwenye nyumba ya wazee, kwa mama yake mkubwa Elda, dada wa Lidia. Yeye hakuwahi kujifunza kuendesha. Njiani alisema jambo moja: "Akiniambia nisiutoe, sitautoa." Nilielewa. Alikuwa anakwenda kuomba ruhusa ya kuuacha.

Mama Elda alikuwa amevuka tisini, mdogo ndani ya kiti, miguuni soksi za sufi, na ulimi bado mzima. Aliniuliza kama mimi ndiye yule wa kusini. Nikasema ndiyo. Akasema, "Bado upo?" Halafu akamsikiliza Ondina. Ondina alieleza yote, kutu, barafu, bega, sheria ya chokaa.

"Sasa mama, niambie. Nimng'oe dada yako?"

Kikongwe akamtazama sana. "Yule si dada yangu."

"Najua ni mozaiki, mama. Nauliza—"

"Sikia, Ondina. Nimechoka na jambo hili, sitaki kuzikwa nalo. Yule si Lidia. Denzio, baba yako, alimtengeneza kabla hajamjua Lidia. Alimnakili kutoka kwenye picha ya kopo la biskuti. Kopo lenyewe nimeliona, tulikuwa tunatilia vifungo."

Mimi niliyekaa pembeni niligeuka kumtazama Ondina.

"Watoto wa shule ndio walioanza," Elda akaendelea. "Ukarudi nyumbani unaruka kwa furaha. Denzio akaja kwangu analia, mwanamume mzima. Akaniambia, Elda, mwache mtoto awe na uso. Tukakuacha. Kila mtu akakuacha."

"Kila mtu nani?"

"Kila mtu aliyekuwa mkubwa wakati ule. Sisto, mke wa mwokaji, padri. Wote tuliona huruma."

Wahenga wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi niwaambie, hili lilisemwa kwa miaka zaidi ya hamsini na halikuwepo, na halikuja.

Ondina aliuliza, polepole, kama anayegonga sakafu asiyoiamini, "Na Ferruccio alipokuja kunichukua?"

Ferruccio nilikuwa nimemsikia kwa mume wangu tu. Fundi wa meli wa Monfalcone, alimpenda Ondina kweli kweli, akapata kazi Australia na tiketi za watu wawili. Ondina alimkataa mbele ya watu, siku ya sikukuu, akasema, "Mama nitamwachia nani?" Ferruccio akaenda peke yake, na hakuja mwingine.

"Nilikuwepo siku ile," Elda akasema.

"Ulisikia nilivyosema?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ungeondoka, mwanangu, nani angempikia baba yako?" Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Yatima hadeki, wanasema. Na wakati mwingine hata ukweli hapewi, wanaogopa atautumia kununua tiketi.

Ondina alisogeza kiti chake karibu. Nilidhani atampiga yule kikongwe, na Mungu anisamehe, nisingemzuia. Lakini alimshika mkono.

"Alikuwaje?"

"Nani?"

"Mama."

Elda alifumba macho kutafuta. "Uso mpana, kama wangu. Jicho moja linatazama soko, jingine kanisa. Meno yamepandana. Akicheka alifunika mdomo."

"Endelea."

"Alikuwa mfupi. Mikono ya baridi."

"Endelea, mama."

"Basi. Mengine yameniishia, mwanangu. Yamepita miaka mingi."

Kurudi nyumbani ukungu ulikuwa umetanda mashambani, sioni hata alama za barabara, na mimi nilikuwa natukana. Niliwatukana Sisto, mwokaji, padri aliyekufa, mkoa mzima. Ondina alingoja nimalize. Kisha akasema, "Mimi sikuuliza, Dora. Watu waliomjua mama walikuwepo kijiji kizima, kila siku napishana nao. Sikumuuliza hata mmoja, kwa sababu nilidhani ninaye."

Asubuhi yake alimwambia Daktari Marzia kwamba atautoa mwenyewe. Marzia akasema hakuna haraka, asubiri hali ya hewa. Ondina akasema, "Chumvi haisubiri."

Ilikuwa siku kavu ya Machi. Alipaka gundi juu ya uso, akalaza kitambaa cha shashi, akaacha kikauke. Vijiwe vyote vikashikana na kitambaa, macho yale makubwa yakabaki kivuli cheupe. Halafu akaingia kwa patasi nyembamba kutoka kandoni, akikata saruji kidogo kidogo, nondo zikatoka zimevimba na kubambuka. Kijiji kilikuja kutazama. Walisimama nyuma ya kamba, kofia mikononi, kama wamekuja msibani, wakidhani Ondina anamzika mama yake mara ya pili. Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tumekwenda Palmanova. Mimi nilikuwa nimekaza meno kwa siku nyingi, na kwa mtu wa kwetu hiyo ni kazi ngumu kuliko ya patasi.

Uso ukainuka. Waliuweka kwenye kreti iliyotandikwa sponji. Daktari Marzia, mwenye adabu zake, alisema kazi ya Gaudenzio nayo sasa ni historia, itatunzwa ghalani kwa heshima. Akachukua kalamu ya wino mzito, akainama juu ya kreti.

"Fundi, Gaudenzio Tavian. Na uso, Ondina, tuandike ni wa nani?"

Nyuma ya kamba wote walimtazama.

"Andika haujulikani," Ondina akasema.

Hakupaza sauti. Lakini watu wa huku, kwa sababu wanasema machache, wanasikia vizuri. Mke wa mwokaji aliinamisha kichwa. Sisto alisogea mpaka kwenye kamba, kofia mkononi. "Ondina, mwanangu. Sisi tulikuwa tunaona huruma—"

"Nyamaza sasa, mzee," nikamwambia. "Kama ulivyozoea."

Waliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemsogelea. Ondina alisafisha pengo, akaloweka kingo zake, akarudisha vijiwe vya bega na shingo alivyokuwa amevitunza. Kisha akachanganya chokaa na mchanga, akachagua rangi ya udongo mkavu, akaijaza kwa mwiko, akailaza chini kidogo ya picha kama sheria inavyotaka. Mwanamke wa kikapu akawa na shingo, nywele, na katikati bapa tulivu lisilo na kitu.

Nilivuka na chakula kilichofunikwa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya misonobari. Yeye alikuwa amekaa juu ya ubao na ndoo ya maji na brashi, akiinyunyizia chokaa, kwa sababu ikikauka haraka inapasuka.

"Njoo ule kwangu, Ondina. Olivo atanyunyizia."

"Olivo atamzamisha."

Nikakaa. Akanyunyizia kulia, akanyunyizia kushoto.

"Umri wote huu nilidhani namjua mama yangu kwa sura," akasema. "Kumbe leo angepita hapo barabarani nisingegeuka."

Nilitaka kumshika, lakini mikono yake ilikuwa kazini, na bega lake, nilipoligusa, lilingoja tu nimalize.

"Nenda, Dora. Wateja wanakungoja."

Hakukuwa na wateja. Siku ile baa ilikuwa tupu, na yeye kutoka pale alipokaa aliiona wazi. Nikaenda, kwa sababu alitaka niende, na nilipogeuka mlangoni alikuwa ameinama, anachovya brashi.